Nyumba ya Mnada na Mkopo Wenye Mkono wa Serikali

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Riruta



Kamati imeniagiza nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa miezi mingi limekuwa likisemwa pembeni, baada ya mikutano, wala halijapata kusemwa mbele ya wote. Jambo lenyewe ni hili: Je, yafaa mwanachama wa chama cha kusaidiana anunue nyumba iliyotolewa mnadani kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulipa deni? Na kama yafaa, ainunue kwa namna gani, na fedha azipate wapi, asije yeye naye akaanguka katika shimo lile lile?

Swali hili lilifika mbele ya Kamati kwa barua mbili. Ya kwanza ni ya mwanachama kijana mwenye mshahara wa kila mwezi, aliyeona tangazo la nyumba iliyo hapa hapa Riruta. Ya pili ni ya mzee aliye jirani wa nyumba hiyo, naye auliza kama ni haki mtu wa chama hiki kununua paa lililo juu ya watoto wa mwenziwe. Barua zote mbili zina adabu, na kila moja ina haki yake. Sikusudii kutaja habari za nyumba ile, maana mambo yake bado yamo mikononi mwa wenyewe. Nakusudia kueleza sheria ilivyo na hesabu ilivyo, kisha niyatoe mapendekezo ya Kamati, nanyi Wazee mtaamua.

Hati zetu zilikotoka

Yafaa kwanza tukumbuke hati tulizo nazo zilitoka wapi. Riruta ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kiambu, na ardhi ilikuwa ya mbari. Kwa mila, shamba lililotolewa kwa mbuzi mara nyingi liliweza kukombolewa. Mtu akirudisha mbuzi, alirudishiwa shamba. Baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 vipande vya mashamba vilikusanywa, vikapimwa, vikaandikwa katika daftari la Serikali. Mwaka 1963 ikaja Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa, na mwaka huo huo mipaka ya mji wa Nairobi ilipanuliwa hata ikatumeza sisi wa Dagoretti. Ndiyo sababu hati nyingi za hapa huanza kwa maneno Dagoretti/Riruta, na ndiyo sababu wengi wetu tuna ardhi ya milki ya daima katikati ya mji.

Katika karatasi ile mambo mawili yalizaliwa pamoja. La kwanza, mtu alipata kitu cha kupeleka benki, akapewa fedha za kujenga vyumba vya kupanga au kulipa karo. La pili, karatasi iliandikwa jina la mtu mmoja, ingawa shamba lilikuwa la watu wengi. Baraka ya kwanza na taabu ya pili zimetufuata hata leo, na katika mnada hukutana uso kwa uso.

Siku alizo nazo mdaiwa

Watu wengi hudhani kwamba mnada huja kama mwizi usiku. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imempa mdaiwa muda, wala si mchache. Mtu akikosa kulipa, na kosa hilo likaendelea kwa mwezi mmoja, mkopeshaji aweza kumpelekea notisi ya kwanza, ambayo humpa muda usiopungua miezi 3 wa kulipa malimbikizo. Miezi hiyo ikipita bure, hupelekewa notisi ya pili, ya kusudio la kuuza, isiyopungua siku 40. Na nakala yake lazima apewe mume au mke wa mdaiwa, na wengine wenye haki katika nyumba hiyo. Kisha dalali naye, kwa kanuni za madalali za mwaka 1997, hutoa notisi yake ya siku 45 ya kukomboa. Hata hizo zikiisha, mnada hauwezi kufanywa kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini.

Jumlisheni, ndugu zangu. Mwezi mmoja, miezi mitatu, siku 40, siku 45 na siku 14. Zikifuatana moja baada ya nyingine, zafika kama siku 219, yaani miezi 7 na zaidi. Katika siku hizo zote mdaiwa aweza kulipa na kuikomboa nyumba yake. Aweza kumwomba mkopeshaji apange upya malipo. Aweza, kwa idhini ya mkopeshaji, kuiuza nyumba mwenyewe kwa mnunuzi wa hiari, na kwa kawaida bei ya hiari ni bora kuliko bei ya nyundo. Aweza kwenda mahakamani ikiwa notisi zilikosewa. Tena, tangu mwaka 2007 sheria ya mabenki imeweka mpaka: deni likiisha kuhesabiwa kuwa halilipwi, riba haiwezi kuongezeka hata ikapita kiasi cha mkopo uliokuwa umebaki siku ile. Wako watu waliolipa zaidi ya mpaka huo kwa kuwa hawakujua kuuliza.

Lakini nyundo ikiisha kugonga, haki ya kukomboa imekwisha. Hapa ndipo sheria ya leo inapoachana na mila ya mbuzi. Mtu hawezi kurudi mwakani na fedha mkononi akasema, nirudishieni shamba la baba.

Mbona basi watu hupoteza nyumba, na siku ni nyingi hivi? Kwa sababu ya haya. Notisi hufichwa chini ya godoro. Mwenye deni hukutana nasi kanisani, sokoni na matangani, akatusalimu kwa uso wa furaha, na barua imo mfukoni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga; lakini matanga hata yakiwa mazito huzikwa na watu wengi, na deni hili mtu hulizika peke yake. Chama chetu hupata habari siku ile bango la dalali linapopigwa ukutani, na siku hiyo zimebaki siku chache tu.

Wauzaji, na mkono wa Serikali

Sasa nigeukie upande wa mnunuzi. Yampasa kwanza ajue ni nani amwuziaye.

Aghalabu muuzaji ni benki au chama cha akiba na mikopo. Lakini mara nyingine muuzaji ni shirika la Serikali. Benki ikianguka, Shirika la Bima ya Amana, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2012, hukabidhiwa mali na vitabu vyake. Na rehani zilizokuwa za benki hiyo hufuatwa na shirika ili wenye akiba walipwe. Mdaiwa asidhani kwamba benki ikifa na deni limekufa. Liko pia Shirika la Taifa la Nyumba, lililotokana na Halmashauri Kuu ya Nyumba ya mwaka 1953 na kupewa jina lake la sasa mwaka 1967. Shirika hilo limeuza nyumba nyingi kwa mpango wa mpangaji-mnunuzi: mtu hutoa malipo ya kwanza, kisha hulipa kidogo kidogo kwa miaka, na hati huipata akiisha kulipa senti ya mwisho. Hata hiyo siku ifike, mbele ya sheria yeye bado ni mpangaji. Akishindwa, nyumba hurudi kwa shirika.

Na mkopo je? Wengi wamesikia kwamba Serikali sasa yatoa mikopo ya nyumba ya riba ndogo. Maneno haya yana ukweli, lakini si yote. Mwaka 2018 iliundwa kampuni iitwayo Kenya Mortgage Refinance Company, ambayo Hazina ya Serikali ina hisa 25 katika kila 100, na zilizobaki ni za mabenki, vyama vya akiba na mikopo na mashirika ya nje. Mwaka 2020 ilipewa leseni na Benki Kuu. Kampuni hii haimkopeshi mwananchi. Huwakopesha wakopeshaji kwa riba ndogo na kwa muda mrefu, ili nao wamkopeshe mwananchi kwa riba isiyofika kumi kwa mia. Mwanzoni mkopo wa namna hiyo haukupita shilingi milioni 4 kwa nyumba za Nairobi na kaunti za jirani. Baadaye kiwango kilipandishwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mtu asiende mjini kutafuta ofisi ya kampuni hiyo apewe fedha; na aende kwa benki yake au chama chake cha akiba, aulize maneno mawili: Je, mnao mkopo wa fungu hilo? Na je, mwakubali kununulia nyumba ya mnada? Swali la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Huko Marekani mambo haya yamepangwa kwa namna nyingine, nayo yafaa tuijue. Tangu mwaka 1934 wanayo idara ya Serikali inayodhamini mikopo ya nyumba. Mkopaji akishindwa, mkopeshaji hulipwa kwa ile dhamana, na nyumba yaweza kuingia mikononi mwa Wizara ya Nyumba, iliyoundwa mwaka 1965. Wizara huiuza kama ilivyo, pamoja na nyufa zake. Lakini siku za kwanza huwekewa wale watakaokaa humo wenyewe, na wenye biashara ya nyumba husubiri. Mnunuzi naye aweza kukopa kwa dhamana ile ile ya Serikali, akitoa malipo ya kwanza hata ya asilimia 3 na nusu. Hapa kwetu hakuna zamu ya namna hiyo mnadani: mjane atakaye kulala humo na tajiri atakaye kubomoa ajenge ghorofa husimama mahali pamoja, na mwenye sauti ya juu ndiye mshindi. Tena, kampuni yetu niliyoitaja huwapa wakopeshaji fedha. Haisimami dhamana kwa ajili ya mkopaji. Ukishindwa, ni wewe na benki yako.

Hesabu kabla ya nyundo

Ndugu zangu, mimi ni karani, na karani hupenda kuona tarakimu. Basi tuchukue mfano. Nyumba ina thamani ya shilingi 8,000,000 sokoni, na mnadani yapatikana kwa shilingi 6,400,000. Mtu husema, nimeokota milioni moja na nusu na zaidi. Asubiri kwanza.

Desturi ya minada mingi ni kulipa asilimia 25 nyundo inapogonga, na iliyobaki katika siku 90. Asilimia 25 ya bei hii ni shilingi 1,600,000, nazo zatakiwa siku ile ile, si kesho. Zabaki 4,800,000. Ukishindwa kuzileta kwa siku zilizowekwa, waweza kupoteza hata zile ulizotanguliza. Na mkopo wa nyumba hauivi kwa juma moja: mthamini sharti aje, wakili sharti aandike, hati sharti ichunguzwe, rehani ya kale ifutwe na mpya iandikwe. Kwa hiyo mtu asiinue mkono mnadani kabla hajapata barua ya mkopeshaji wake inayosema kwamba fedha zitatoka, ni kiasi gani, na kwa masharti gani. Ahadi ya mdomo ya mtu wa dirishani si barua.

Shilingi 4,800,000 zikikopwa kwa riba ya asilimia 9 na nusu kwa miaka 20, malipo ya kila mwezi ni kama shilingi 44,700. Zikikopwa kwa asilimia 15, malipo ni kama shilingi 63,200. Tofauti ni zaidi ya shilingi 18,000 kila mwezi, kwa miezi 240. Mwisho wa safari, wa kwanza amelipa kama milioni 10 na laki 7; wa pili amelipa kama milioni 15 na laki moja na nusu. Nyumba ni ile ile, bati ni lile lile. Ndiyo maana nasema, kabla ya kutafuta nyumba, tafuteni riba.

Ongezeni ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, yaani shilingi 256,000 kwa bei hiyo. Yuko mtu atakayesema kwamba anunuaye nyumba kwa mara ya kwanza amesamehewa. Msamaha huo wa mwaka 2018 ni wa nyumba za mpango wa Serikali wa makazi nafuu, si wa kila nyumba. Ongezeni wakili, mthamini, bima, na deni la Kaunti lililolala juu ya ploti. Kwa upande wa nafuu, mtu aliyekopa ili akae humo mwenyewe hupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi cha riba anayolipa. Tangu mwisho wa mwaka 2024 kiasi hicho chafika hadi shilingi 360,000 kwa mwaka. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara. Kwa mawazo yangu, hata theluthi mbili ni nyingi mno kwa mtu mwenye watoto shuleni.

Jambo moja lawahusu wazee hasa. Tangu mwaka 2020 mwanachama wa mfuko wa uzeeni aruhusiwa kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kukaa, lakini si zaidi ya shilingi milioni 7. Ni msaada kweli. Lakini nyumba ya mnada yaweza kukaa mahakamani miaka mingi, na uzee haungoji hukumu. Asiweke mtu mkate wa uzee wake juu ya nyumba yenye kesi.

Ya kuangalia hapa Riruta

Mnunuzi wa mnada sharti atembee kwa miguu yake. Nayataja matano.

Kwanza, hati. Atake upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, ambayo kwa Nairobi sasa hufanywa kwa mtambo uitwao Ardhisasa uliofunguliwa mwaka 2021. Lakini asiridhike na jina lililo juu ya karatasi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Dina Management ya Mombasa, kwamba hati pekee haitoshi. Mtu sharti aonyeshe shina lake, yaani ilivyotolewa tangu mwanzo.

Pili, jamaa. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba amana ya kimila yaweza kuifunga ardhi iliyoandikishwa, hata kama haikuandikwa katika hati. Wazee wetu mwajua maana yake. Baba aliandikwa jina wakati wa kukusanya mashamba kwa ajili ya ndugu zake pia. Mwana mmoja akairithi hati akaiweka rehani. Na ndugu bado wamo, pamoja na makaburi ya wazazi nyuma ya migomba. Anunuaye hapo hununua ugomvi. Kadhalika sheria yasema rehani ya nyumba ya ndoa si halali bila idhini ya mume au mke. Mnunuzi aulize, nani alitia sahihi?

Tatu, mipaka. Mpima ardhi aonyeshe alama za mawe, na aangalie kama ukuta umeingia katika hifadhi ya barabara au ya mto. Nyumba iliyo juu ya hifadhi yaweza kubomolewa, na mkopo ukabaki.

Nne, waliomo ndani. Anayenunua ploti ya vyumba hukuta wapangaji waliokwisha lipa amana zao kwa mwenye zamani. Na anayenunua nyumba ya mtu hupewa hati, wala hapewi funguo. Mwenye nyumba akikataa kutoka, njia ni notisi ya maandishi na amri ya mahakama. Si vijana na marungu, na si kung'oa mabati usiku.

Tano, bei yenyewe. Mkopeshaji lazima athaminishe nyumba kabla ya kuiuza. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mahakama huanza kwa kudhani kwamba muuzaji hakufanya wajibu wake, na ni juu yake kuthibitisha vingine. Katika mfano wetu, bei ya shilingi 6,000,000 au pungufu ingefika huko. Sheria humlinda mnunuzi mwaminifu, na mdaiwa aliyedhulumiwa hudai fidia kwa muuzaji. Lakini mnunuzi aliyeshirikiana na dalali hana ulinzi wowote. Bei ya chini mno si bahati. Ni dalili.

Je, ni haki?

Sasa nafika kwenye barua ya mzee wetu. Yeye hakuuliza sheria. Aliuliza haki, nami sitaki kumjibu kwa vifungu.

Wako wasemao kwamba tukubaliane sote, pasiwe na mtu wa Riruta atakayeinua mkono kwa nyumba ya mwenzetu. Neno hili ni tamu, lakini tulifuate mpaka mwisho wake. Majirani wakikaa kimya, mnada haufi. Huja mtu wa mbali, akaipata nyumba kwa bei ndogo. Na fedha za mnada zina mpango wake katika sheria: hulipwa kwanza kodi na gharama, kisha deni, na kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Nyumba yenye deni la milioni 5 ikiuzwa kwa milioni 5, mwenyewe hutoka mikono mitupu. Gharama zikiongezwa, hutoka bado anadaiwa. Ikiuzwa kwa milioni 7, hutoka na kitu cha kuanzia upya mahali pengine. Basi anayemsaidia mdaiwa siku ya mnada si yule anayekaa nyumbani kwa huruma. Ni yule anayetoa bei iliyo sawa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, maoni ya Kamati ni kwamba kununua si dhambi. Dhambi ni mbili: kujua siku 219 kabla na kunyamaza ili bei ianguke, na kupatana na dalali au na wanunuzi wengine gizani. Mwanachama aliyejua mapema na hakumwendea jirani yake kwanza, huyo hana ruhusa ya kusema kwamba alinunua kwa haki, hata kama risiti zake zote ni safi.

Mapendekezo ya Kamati

Kamati yaleta mapendekezo manne, mkipenda yapigiwe kura leo.

La kwanza: wateuliwe wazee watatu wenye siri, ambao mwanachama yeyote aliyepata notisi ya kwanza aweza kuwapelekea barua ile. Karani ataisoma pamoja nao, ataandika tarehe, na kuhesabu siku zilizobaki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku nazo ni mali.

La pili: wazee hao wamfuate mdaiwa hadi kwa mkopeshaji kuomba malipo yapangwe upya, au idhini ya kuuza kwa hiari. Chama si benki, wala hakina fedha za kulipa rehani ya mtu. Lakini kina nauli, kina shahidi, na kina watu wanaojua kuandika barua.

La tatu: mwanachama atakaye kununua nyumba ya mwanachama au jirani mnadani aijulishe Kamati kabla ya mnada, aonyeshe kwamba mwenye nyumba ameendewa, na aonyeshe barua ya mkopo wake. Hilo la mwisho ni kwa usalama wake mwenyewe, tusije tukapata wadaiwa wawili mahali pa mmoja.

La nne: akinunua, ampe aliyetoka muda wa miezi sita, akitaka, wa kukaa kama mpangaji kwa kodi ya haki, kwa mapatano yaliyoandikwa na kushuhudiwa. Hatuwezi kumlazimisha mtu kisheria. Twaweza kumwomba kama watu wa chama kimoja.

Kwa ndugu yetu kijana aliyeandika barua ya kwanza: Kamati haikukatazi. Yakutaka uende kwanza mlango wa pili, ubishe hodi mchana, na mzee wa jirani awe pamoja nawe. Huenda ukakuta bado ziko siku za kuiokoa nyumba ile. Huenda ukakuta mwenyewe yu tayari kukuuzia kwa hiari, kwa bei iliyo njema kwenu nyote wawili. Na kama haya yote yameshindikana, basi nenda mnadani mchana kweupe, utoe bei ya mtu mwenye majirani.